Maji Yaliyoingia Katika Oili ya Mashua

Mtu akiugua, daktari mwema haanzi kwa kisu. Humwuliza alikula nini, alilala wapi, na maumivu yalianza lini. Humpima joto la mwili na kumtazama ulimi. Ndipo huamua kama dawa ya kunywa yatosha au kama hapana budi kupasua. Injini nayo yastahili kutendewa vivyo hivyo. Lakini katika miji na vijiji vyetu mara nyingi injini ikileta udhia kidogo tu, spana hutangulia na maswali hufuata nyuma, na mwenye mali hulipa gharama ya kufunguliwa vitu ambavyo havikuwa na ugonjwa wo wote.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za ugonjwa mmoja wa injini, yaani maji kuingia katika oili, kama nilivyouona katika mashua ya ukoo wetu kisiwani Pate mwaka 2017. Mimi ni karani wa hesabu, wala si fundi, na niliyoyaandika hapa nilifundishwa na mtu aliyeijua kazi. Nimeona vema kuyaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, injini za dizeli zimeenea kila mahali: zaendesha mashua za pwani na za ziwani, zasaga posho, zavuta maji ya mashamba, zakokota majembe. Ya pili, katika jambo hili si injini peke yake iliyoletwa barazani. Mtu pia aliletwa, na ilibaki kidogo ahukumiwe kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mashua hiyo ni ya watu watano, kila mmoja na hisa yake, na mkubwa wetu ni ami yangu. Kazi yake ni kuchukua samaki na kamba wa wavuvi wa Kizingitini na kuwapeleka Lamu kuuzwa. Zamani ilikwenda kwa tanga, na mwaka 2015 tukaitia injini ya dizeli ya silinda 3, iliyokwisha kutumika, tuliyoinunua Mombasa kwa mfanya biashara mmoja. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani tangu juu hata chini, na haikuonekana doa la kutu. Rangi hiyo ilitupendeza sote. Msomaji na aikumbuke, kwa maana nitaitaja tena.

Mwezi wa Machi 2017, Kaskazi ilipokuwa ikilegea, kijana mmoja wa jamaa zetu ndiye aliyekuwa akiitunza injini na kulala mashuani kuilinda. Asubuhi moja, kabla ya kuwasha, alichomoa kijiti cha kupimia oili kama ilivyo desturi yake. Akaona oili imepanda juu ya alama ya mwisho kiasi cha upana wa vidole viwili, na rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa. Jioni iliyotangulia alikuwa ameipima ikawa sawa katika alama. Hakuiwasha injini; alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa ami kumpasha habari.

Barazani yalitokea maneno mawili. La kwanza lilikuwa la ami mwenyewe. Siku chache kabla yake kijana huyo alikuwa amebishana na nahodha juu ya mshahara, na watu wengi walisikia. Ami akasema, "Oili haizaliani usiku. Chomboni alikuwako nani ila yeye?" Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali, na kijana akainama asiseme neno. La pili lilikuwa la fundi mmoja aliyeitwa kutoka mjini. Alikitazama kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akasema kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa; lazima hedi ifunguliwe, ipelekwe Mombasa kusawazishwa, na gharama zote hazitapungua shilingi 150,000. Kwetu fedha hizo zilikuwa ni karo za watoto wa nyumba tano, na shule zilikuwa karibu kufungua muhula wa pili.

Mimi kazi yangu ni kulinganisha hesabu, na hesabu hizi mbili hazikulingana. Kama ni gasketi iliyokufa, kijana hana kosa. Kama kijana ndiye aliyemimina maji, gasketi haina kosa. Lakini barazani pale yote mawili yalikubaliwa kwa pamoja, na watu wakawa tayari kumfukuza mtu na kufungua hedi siku moja. Nikamwambia ami kwa adabu, "Ami, tupeni siku chache. Injini imekwisha kusimama, haitazidi kusimama." Akanikubalia, ingawa kwa shingo upande.

Nilimwendea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika vyumba vya injini vya matagi ya bandari ya Kilindini, ambaye sasa amestaafu. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama injini imewashwa baada ya oili kupanda. Nilipomjibu kwamba haikuwashwa, alisema, "Basi huyo kijana amewaokoeni." Alitueleza kwamba oili kazi yake ni kukaa kama utando mwembamba kati ya chuma na chuma, na maji hayawezi kazi hiyo. Injini ikizungushwa kwa oili iliyochanganyika na maji, beringi za shafti kubwa huanza kulika kwa muda mfupi. Tena maji yakiwa yamefika juu ya pistoni mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu hewa hushindilika lakini maji hayashindiliki; pistoni ikipanda na kuyakuta, mkono wake hupinda.

Kisha tukafika mashuani, na mzee akaanza kuihoji injini. Aliuliza maswali matatu, moja baada ya jingine, na hakukubali kurukia la tatu kabla ya kujibiwa la kwanza.

Swali la kwanza: maji haya ni mapya au ni ya zamani? Tulipitisha mpira mwembamba katika bomba la kijiti hata ukagusa chini ya sampu, tukavuta kwa pampu ya mkono na kutia katika chupa nyeupe. Yaliyotoka kwanza yalikuwa maji matupu, karibu chupa mbili za soda, na nyuma yake ikafuata oili yenye rangi ya maziwa. Mzee akasema kwamba maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo injini ikiwa imetulia, maji huzama chini na kuinua oili juu. Hayo maji matupu yaliingia usiku ule ule. Ile oili nyeupe ilikwisha kupigwapigwa na injini siku zilizopita, maana yake ni kwamba maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo hata kabla ya usiku wa mashaka. Mimi nikamtazama ami, kwa sababu ugomvi wa mshahara ulikuwa wa siku chache tu, na katika siku hizo zilizopita injini ilikuwa mikononi mwa watu wengi.

Swali la pili: ni maji gani? Hapa yafaa nieleze kwamba injini kama yetu hutumia maji ya namna mbili. Maji ya pepo huzunguka ndani ya injini, kando ya silinda na katika hedi, nayo hutiwa katika tangi dogo lililo juu. Sisi hutia maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika jabia. Maji ya chumvi huvutwa na pampu kutoka baharini, hupita katika kipozeo na kuyapoza yale maji ya pepo pasipo kugusana nayo, kisha hutupwa nje pamoja na moshi kwa njia ya ekzosi. Basi mtu akijua ni maji yapi yaliyomo katika oili, nusu ya injini imekwisha kuondolewa mashaka.

Mzee alikataza kabisa kuonja. Alisema kwamba injini nyingine hutiwa dawa ya kupozea katika maji, na dawa hiyo ni tamu nayo ni sumu. Tuliyaacha maji ya chupa yajitenge na oili, tukachukua kijiko kimoja, tukayachemsha juu ya kifuniko cha kopo hata yakakauka. Kando yake tukachemsha kijiko kimoja cha maji ya tangi dogo. Kifuniko cha pili kilibaki karibu kitupu. Cha kwanza kilibaki na ukoko mweupe wa chumvi. Tena tukafungua tangi dogo, tukaona maji yake hayakupungua hata kidogo.

Hapo ndipo gasketi ilipopata nafuu. Gasketi ikikatika, au hedi ikipasuka, au mipira iliyo chini ya silinda ikioza, katika injini ya namna hii ni maji ya pepo yatakayoingia katika oili, na tangi litapungua siku kwa siku. Pengine mapovu yataonekana katika tangi injini ikizunguka, na moshi mweupe utatoka bila kukoma. Kwetu hapakuwa na dalili hata moja ya hizo. Lakini mzee alitahadharisha kwamba ziko injini za mashua zinazopozwa kwa maji ya bahari peke yake, yakizunguka mpaka ndani ya hedi. Kwa injini hizo chumvi haitoshi kuwa ushahidi, na gasketi itabaki katika orodha ya washukiwa.

Swali la tatu: maji ya bahari yaliingia kwa mlango gani? Alihesabu milango mitatu. Mmoja ni kipozeo cha oili, kwa injini iliyo nacho. Bomba la ndani likitoboka, injini inapozunguka oili husukumwa kutoka kwenda majini, kwa kuwa nguvu yake ni kubwa kuliko ya maji, na utaona mng'ao wa mafuta nyuma ya mashua. Injini ikisimama, maji nayo hupata nafasi ya kuingia. Injini yetu haina kipozeo cha oili, basi mlango huo ukafungwa. Mlango wa pili ni ekzosi. Ikiwa bomba limewekwa chini mno, maji huweza kurudi nyuma mpaka katika silinda, na kutoka huko huteremka kando ya pistoni mpaka katika oili. Hutokea pia kwa mtu anayepiga stata mara nyingi injini ikikataa kuwaka, kwa sababu pampu huendelea kuleta maji na hapana moshi wa kuyasukuma nje. Mlango wa tatu ni pampu yenyewe ya maji ya chumvi.

Kabla ya kugusa boliti, mzee alitaka jaribio la siku mbili. Tulitia oili ya bei rahisi mpaka katika alama. Usiku wa kwanza koki ya kuingizia maji ya bahari ilifungwa. Asubuhi oili ilikuwa katika alama ile ile. Usiku wa pili koki ikaachwa wazi, kama manahodha wengi wa kwetu wanavyoiacha. Mzee akasema kwamba usiku huo kijana asilale mashuani. Ami akajibu, "Nitalala mimi." Alikwenda na mkeka wake, akafunga kifuniko cha chumba cha injini kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu. Alfajiri alichomoa kijiti kwa mkono wake. Oili ilikuwa imepanda.

Ami alikaa kitako akiwa amekishika kile kijiti, na kwa muda mrefu hakusema neno. Mzee hakumcheka. Alimweleza tu kwamba injini imekaa chini ya usawa wa maji, na koki ikiwa wazi bahari huisukuma pampu usiku kucha, mtu awepo chomboni au asiwepo.

Ikabaki kuchagua kati ya ekzosi na pampu. Tulichomoa nozeli zote tatu na kuizungusha injini polepole kwa mkono. Kama maji yangalikuwa juu ya pistoni, yangaliruka nje kwa matundu ya nozeli. Hayakutoka, palikuwa pakavu. Basi ekzosi nayo ikaachiliwa.

Pampu ya namna hii imefungwa ubavuni mwa injini na huzungushwa na gia iliyo ndani, mahali penye oili. Upande mmoja wa shafti yake mna maji ya bahari na impela ya mpira. Upande wa pili mna oili ya injini. Kati ya pande hizo mna sili mbili, moja ya kuzuia maji na moja ya kuzuia oili. Watengenezaji walijua kwamba iko siku moja ya sili hizo itachoka, kwa hiyo wakaacha nafasi katikati yake na tundu dogo chini. Sili ya maji ikichoka, maji hudondoka nje kwa tundu hilo, na mwenye injini huona matone na kujua kwamba wakati wa kubadili umefika. Tundu hilo ni ulimi wa pampu: kwalo husema kwamba inaumwa.

Mzee alipapasa chini ya pampu kwa kidole, akaomba tochi, kisha akaomba sindano ya kushonea matanga. Tundu halikuonekana. Lilikuwa limezibwa na ile rangi nzuri ya kijani tuliyoifurahia siku ya kununua. Alikwangua, akadunga, na maji yakaanza kudondoka tone kwa tone mkononi mwake. Sili ya maji ilikwisha kuchoka zamani. Maji yalipokosa njia ya kutoka nje yakaipita sili ya oili na kuingia ndani. Tulipoifungua pampu tuliona shafti imelika mfano wa pete mahali sili ilipokuwa ikikaa.

Sili mbili, shafti, na impela mpya viligharimu shilingi 9,400. Kusafisha kulichukua kazi zaidi kuliko kutengeneza, kwa kuwa maji ya chumvi yakiachwa ndani huanza kuleta kutu upesi. Tulitia oili, tukaizungusha injini kwa dakika chache bila kuitia mzigo, tukaivuta yote ingali moto, tukabadili na chujio. Tukarudia hivyo mara tatu, hata oili ikatoka na rangi yake ya asili. Mzee alisema kwamba anayebadili oili mara moja tu na kwenda zake amejidanganya, kwa sababu maji hubaki yamejificha katika pembe na vijia vya ndani.

Sasa nasema na msomaji aliye mbali na bahari. Injini ya kinu cha posho au ya trekta haina maji ya chumvi, lakini ugonjwa ni ule ule na mashauri ni yale yale. Ukiona utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili wakati wa baridi, na oili yenyewe ni safi na haikupanda, pengine ni jasho tu la chuma. Izungushe injini hata ipate moto sawasawa, kisha uitazame tena. Kama una mashaka, dondosha tone la oili juu ya bati lenye moto. Ikialika kama mahindi kikaangoni, maji yamo. Tazama maji ya rejeta: yakipungua pasipo kuvuja nje, na hasa ikiwa injini iliwahi kuchemka, hapo gasketi na hedi zina shtaka la kujibu. Kama hayapungui, uliza kama mvua haikunyesha ndani ya bomba la moshi lililoachwa wazi likitazama juu. Kopo moja la kulifunika lingaliweza kukuokolea injini. Na ukinunua injini iliyopakwa rangi mpya, usimshukuru mwuzaji kabla hujayatafuta matundu yaliyofunikwa.

Kwa habari ya kijana, ami alimwita mbele ya wazee wale wale waliotikisa vichwa, akamwambia, "Mwanangu, nilikudhania ubaya, na haukuwa kwako. Uniwie radhi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia ami akimwomba radhi mtu mdogo kuliko yeye. Kijana alimbusu mkono, na mshahara wake ukaongezwa. Lakini hakukubali tena kulala mashuani. Alisema atatunza injini mchana, na usiku atafutwe mwingine. Na hapana aliyethubutu kumshurutisha. Pampu ilipona kwa shilingi 9,400. Neno lililosemwa barazani kwa haraka halina sili ya kubadili.

Naona mafunzo ya mambo haya mawili ni mamoja. Injini ilisema kwa oili yake, kwa chumvi yake, na kwa tangi lake lisilopungua; ilisubiri tu mtu wa kuiuliza kwa taratibu. Kijana naye alikuwa na majibu yake: kwamba alipima jioni, kwamba alipima asubuhi, kwamba hakuiwasha. Mtu anayekusudia kuharibu injini haendi mbio kutoa habari kabla haijawashwa. Hapana aliyemwuliza hayo. Basi, ndugu zangu, oili ikigeuka rangi, simamisheni injini, na ulizeni kwanza maji yatoka wapi. Na mtu akitajwa kwa ubaya, mpeni naye siku zake mbili za kujaribiwa kwa haki.